Matunda Meusi ya Managu: Kipi Kiogopwe, Kipi Kisiogopwe

Ukiteremka steji ya Kawangware 56 jijini Nairobi jioni, mboga ya kwanza kukutana nayo mezani kwa mama mboga ni sukuma wiki, na ya pili aghalabu ni managu. Kibera ni vivyo hivyo. Ni mboga ya watu wa kawaida, na watu wameila miaka nenda miaka rudi. Lakini siku hizi mteja anashika fungu, anaona vitunda vyeusi vimeshikamana na majani, anasita. Si hii ndiyo ile sumu?

Wasiwasi huo una vyanzo vitatu. Kuna aliyetafuta managu kwenye simu kwa jina lake la Kiingereza akaletewa picha za mmea wa Ulaya uliowahi kuua watu. Kuna aliyesikia kwamba mboga za Nairobi zinanyweshwa majitaka. Na kuna aliyesimuliwa na nyanyake kwamba watoto wa zamani walichuma vitunda hivyo malishoni wakala bila kudhurika, basi haelewi kelele zinatoka wapi. Haya ni maswali matatu tofauti, ila yanaulizwa kana kwamba ni moja, na majibu yake yanachanganywa vivyo hivyo. Anayejibu la sumu hugusa la majitaka, anayetetea jadi hujibu yote kwa neno moja, na mzazi mwenye watoto wa kulisha anabaki palepale.

Mmea wenyewe

Managu si mmea wa aina moja. Ni kundi la mimea ya jenasi ya Solanum, ukoo mmoja na nyanya, biringanya na viazi. Wakikuyu wanauita managu, na ndilo jina lililoshika Nairobi. Wajaluo wanauita osuga, Wakisii rinagu, Waluhya lisutsa, na Kiswahili cha vitabuni ni mnavu. Ndani ya majina hayo kuna spishi kadhaa. Iliyotawala sokoni sasa ni Solanum scabrum, yenye majani mapana na matunda makubwa yanayoiva kuwa zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Solanum villosum ina majani madogo, uchungu mkali zaidi na matunda ya rangi ya chungwa. Solanum americanum humea yenyewe kandokando ya njia na matunda yake ni punje ndogo nyeusi zinazong'aa. Mwaka 1997 Jennifer Edmonds na James Chweya, huyu wa pili akiwa mtaalamu wa mazao wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walitoa kitabu kizima cha kunyoosha majina haya, kwa sababu hata wataalamu wa mimea walikuwa wakiyachanganya.

Kwa miongo mingi, tangu ukoloni na hata baada ya uhuru, kilimo rasmi kiliuhesabu mmea huu kuwa gugu. Kilichohimizwa kilikuwa kabeji, spinachi na sukuma wiki, na managu ikaachiwa mabibi na wasio na pesa. Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1990. Patrick Maundu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzake waliandika orodha ya vyakula vya asili vya nchi hii. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia akafanya utafiti wa mboga za kienyeji kuwa kazi yake ya maisha. Mbegu zikaanza kuuzwa kwenye pakiti, na nchini Tanzania kituo cha mboga kilichoko Arusha kikazalisha aina zenye majani makubwa kama Nduruma na Olevolosi. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano wa kuigwa, kazi ambayo ilianzia kwa Waisukha wa Kakamega na Wapokot.

Managu ikaheshimika, na kwa kuheshimika ikatoka nyuma ya nyumba ikaingia kwenye lori. Zamani aliyeipika ndiye aliyeichuma. Leo inavunwa Kisii, Nyamira, Vihiga au Kiambu, inasafiri usiku kucha, inashushwa Kangemi au Marikiti alfajiri, inanunuliwa na mama mboga, kisha ndiyo inafika sufuriani. Anayeila hajaona shamba wala maji. Mengi ya utata tunaoujadili yamezaliwa hapo.

Wanaosema ni sumu

Hoja hii isidharauliwe, kwa maana ina ukweli ndani yake. Mimea ya ukoo huu hutengeneza kemikali za kujikinga na wadudu, zikiwemo solanini. Ndizo zinazofanya kiazi kilichogeuka kijani kiwe kichungu. Katika managu zimejaa zaidi kwenye matunda mabichi, yale ya kijani. Anayeyala kwa wingi anaweza kuumwa tumbo, kutapika, kuharisha na kuumwa kichwa. Mtoto huumia haraka kuliko mtu mzima, kwa sababu mwili wake ni mdogo na kiasi kilekile kwake ni kikubwa. Wala si kemikali za kuteketezwa na moto wa jikoni. Kuchemsha hupunguza sehemu tu, ile inayotokea kwenye maji, na ikipungua ni pale maji hayo yanapomwagwa.

Wanapokosea ni pale wanapoihukumu managu kwa makosa ya mmea mwingine. Picha zinazotisha watu kwenye simu ni za belladonna, ambayo Waingereza wanaiita kwa jina linalofanana na la managu. Belladonna ina atropini, sumu ya namna nyingine kabisa, inayopanua mboni za macho, kukausha kinywa, kuvuruga akili na kuharakisha moyo. Tunda lake hukaa peke yake, kubwa karibu sawa na cheri, limekalia majani matano madogo yaliyotanuka kama nyota, na ua lake lina umbo la kengele. Matunda ya managu hukaa kwa kishada, madogo, na ua lake ni jeupe lenye kitovu cha manjano, dogo kuliko ukucha. Anayejua alama hizi mbili hachanganyi. Tena belladonna si mmea wa porini wa Nairobi. Mtu wa Kawangware hana namna ya kuiokota mtaani kwake kwa bahati mbaya.

Sumu ya kuogopwa iko karibu zaidi, na watu wanaipita kila siku bila kuitazama. Ni mnanaha, ule mmea wa jaani na kando ya barabara wenye ua jeupe refu kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Huo una sumu za jamii moja na za belladonna. Mwaka 2019, katika eneo la Karamoja nchini Uganda, unga wa lishe wa msaada uliochafuliwa na sumu za aina hiyo uliwafanya watu zaidi ya 200 waugue, na 5 wakafa. Mnanaha ukiwa mchanga hauna ua wala tunda la kuutambulisha, na majani yake yanaweza kuingia katika kitita kilichochumwa harakaharaka na mtu asiyeujua. Jani lake huwa na kingo zenye meno makubwa yasiyolingana, na ukilifikicha linanuka vibaya. Laiti hofu yote iliyotumika kwa managu ingetumika kufundisha watu kulitambua jani hilo, tungekuwa mbali.

Wanaosema ni chakula cha mababu

Hawa wana ushahidi mkubwa, nao ni vizazi. Jamii nyingi za Kenya zimekula majani haya tangu jadi, tena kina mama wajawazito na waliojifungua ndio waliohimizwa kuyala. Ni mboga yenye vitamini A, madini ya chuma na kalsiamu, na katika mtaa ambako nyama huliwa kwa nadra, hilo si jambo dogo. Profesa Abukutsa-Onyango mwenyewe alikuzwa kwa mboga hizi, kwa sababu mwili wake utotoni ulikataa maziwa, mayai na samaki wa aina fulani.

Jadi haikuwa ya kula ovyo. Ilikuwa na taratibu, na kila utaratibu ulikuwa na kazi. Huvunwa vichipukizi vichanga kabla mmea haujajaa matunda. Majani huchambuliwa moja moja kutoka kwenye shina, na vitunda hudondoka pembeni. Ile ya kiasili yenye uchungu mkali huchemshwa na maji ya kwanza kumwagwa. Waluhya huchanganya na mrenda au kunde, tena kwa magadi ya kienyeji. Wajaluo na Wakisii hutia maziwa na kuiacha ilale, uchungu upungue. Hapa kuna faida na hasara za kupima. Ukimwaga maji, unamwaga uchungu na sehemu ya solanini, lakini pia vitamini C na folati zinazoyeyuka majini. Kwa ile ya majani mapana ya sokoni, ambayo uchungu wake ni mdogo, sioni sababu kubwa ya kumwaga. Kwa ile ndogo iliyojiotea, chungu hadi ulimi ukakunjamana, mpishi wa zamani alikuwa sahihi, na uchungu wenyewe ndio uliokuwa ukimwongoza.

Udhaifu wa upande huu ni kudhani kwamba mazoea yanatosha mahali popote. Nyanya alijua mmea alioupanda mwenyewe. Ujuzi wake haukuhusu fungu lililonunuliwa gizani kwa taa ya simu. Neno kienyeji nalo limegeuzwa kuwa cheti cha usafi na tiba. Utasikia sokoni kwamba managu inamaliza kisukari, inashusha presha, hata inazuia saratani. Ni mboga nzuri, lakini si dawa, na mgonjwa anayeacha vidonge kwa ajili yake anahatarisha maisha.

Tunda lenyewe

Katika mabishano yote, tunda ndilo linaloshikiwa bango, na ndilo lisiloelezwa vizuri. Tunda bichi la kijani si chakula. Hilo halina mjadala. Tunda lililoiva hadi mwisho, jeusi au la chungwa kwa aina zake, ni suala lingine. Watoto wa vijijini wamelila, na Marekani Kaskazini matunda ya Solanum scabrum hupikwa kwa sukari yakawa jemu na kujazwa kwenye mikate. Maji yake ya zambarau yametumiwa barani Afrika kama wino na rangi.

Ugomvi huu si mpya wala si wa Kenya peke yake. Mwaka 1909 mzalishaji mashuhuri wa mimea wa Marekani, Luther Burbank, alitangaza tunda jipya alilodai amelipata kwa kuchanganya aina mbili za kundi hilihili la managu. Likauzwa kwa mbwembwe kama tunda la ajabu. Jarida la wakulima la Rural New Yorker likamshambulia, likisema hilo si jipya bali ni gugu linaloogopwa kuwa sumu. Malumbano yakaendelea magazetini, huku walionunua mbegu wakilipika na kulila. Maneno yalikuwa yaleyale tunayoyasikia leo Kawangware: mmoja anasema sumu, mwingine anasema chakula, na wachache ndio wanaouliza limeiva kiasi gani na ni la aina ipi.

Mfano wa Uingereza unafundisha zaidi. Wakati wa Malkia Victoria magazeti yao yalijaa habari za matunda meusi ya vichaka vya miiba, yale ya blackberry. Familia zilitoka kuyachuma mwisho wa kiangazi, yakapikwa jemu, na mwandishi akitaka kusema kitu kimejaa tele alikifananisha nayo. Lilikuwa tunda la maskini, la bure, lililoaminiwa na kila mtu. Lakini mwaka 1846 magazeti hayohayo yaliandika habari za London, ambako matunda ya belladonna yaliuzwa mitaani kama matunda ya kuliwa, na watu wakafa. Walionunua walikuwa watu wa mjini. Mtoto wa shamba angelikataa tunda lile kwa kulitazama tu. Walilikubali kwa kuwa lilikuwa jeusi, limetoka porini, na aliyeliuza alisema linaliwa. Imani ya chakula cha porini ilikuwa imewafuata hadi mjini, lakini macho ya kukitambua yalibaki kijijini.

Kwa hiyo, kwa Nairobi: mama mboga akikukatia managu, matunda mabichi yatolewe pamoja na mashina. Machache yaliyoponyoka yasikukoseshe usingizi. Watoto waambiwe wazi kwamba la kijani haliliwi, na kwamba hakuna tunda la kuokotwa jaani au kando ya mtaro, liwe limeiva namna gani. Sababu ya agizo hili la pili inatupeleka kwenye swali ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote.

Maji na udongo

Managu ni mmea usiochagua. Humea penye samadi, penye majivu, penye unyevu wa mtaro, na hustawi hapo kuliko shambani palipochoka. Mto Motoine unapita Kibera ukimwaga maji yake katika Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kwa ajili ya maji ya mji na ambalo leo limefunikwa na magugumaji kwa uchafu unaoingia. Vijito vya upande wa Kawangware navyo hubeba vinavyotoka vyooni, gereji na majaani. Kando yake kuna bustani. Nancy Karanja wa Chuo Kikuu cha Nairobi na watafiti wenzake wamechunguza kwa miaka kilimo cha majitaka katika maeneo kama Kibera na Maili Saba.

Madhara ni ya namna mbili, na kuyachanganya ni kosa. La kwanza ni vijidudu na mayai ya minyoo. Hayo hukaa juu ya jani, huoshwa kwa maji safi na huuawa na moto, na kwa kuwa managu hailiwi mbichi, mpishi mwangalifu anaweza kujikinga. Anayeumia zaidi ni mkulima mwenyewe anayekanyaga maji yale miguu mitupu. La pili ni madini mazito, hasa risasi na kadimiamu, yanayotoka kwenye betri, rangi, mafuta machafu na moshi. Haya huingia ndani ya jani kupitia mizizi. Hayaoshwi wala hayaondolewi kwa kupika. Viwango vya kimataifa vya Codex vinaweka kikomo cha risasi katika mboga za majani kuwa miligramu 0.3 kwa kilo. Sababu ya ukali huo ni watoto: risasi hudhuru ubongo unaokua, tena polepole, bila homa wala kutapika. Hakuna mama atakayesema mwanangu aliugua Jumanne kwa sababu ya mboga ya Jumatatu.

Hapa ndipo mteja anapopotoshwa na jicho lake mwenyewe. Managu iliyotoka Kisii usiku kucha hufika imelegea. Iliyovunwa asubuhi karibu na mtaa ina majani yaliyosimama, ya kijani kibichi, yenye maji. Mteja huchagua hii ya pili na kuisifu. Si kila bustani ya mjini ni chafu, lakini ubichi wa jani ni dalili ya ukaribu wa shamba, si ya usafi wake, na mtaani ukaribu mara nyingi maana yake ni mto.

Wapo wanaotaka kilimo cha kando ya mito kifyekwe chote. Wana haki kuhusu afya. Lakini hawasemi kwamba wanaolima hapo wengi ni wanawake wasio na ardhi nyingine, na kwamba hiki si kilimo cha wachache. Taasisi ya Mazingira, katika utafiti wake wa mwaka 1985, ilikuta kaya 20 katika kila 100 za Nairobi zikilima ndani ya mji. Baada ya vurugu za uchaguzi, mwaka 2008, shirika la Solidarités lilieneza Kibera bustani za magunia, na familia zilizokuwa zimekatiwa njia za soko zikapata mboga mlangoni. Ukifyeka bila kutoa mbadala, mboga ya maskini inapanda bei, na mkulima anahamia mita mia mbele kwenye mto uleule.

Wengine wanataka kilimo kiachwe kwa sababu ni riziki. Hao nao wanamwachia mtoto wa miaka miwili gharama asiyoijua. Gunia ni njia nzuri ya katikati, kwa sharti moja ambalo husahaulika: gunia ni safi kama udongo ulioujaza. Ukichota udongo jaani, umelihamisha jaa tu.

Sheria ipo. Kaunti ya Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, ikakubali kwamba mkulima wa mjini ni mkulima. Kinachotakiwa ni kuitumia: maji na udongo wa bustani zinazolisha masoko yapimwe, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili sokoni. Panapozidi kikomo, mboga za majani ziondolewe, kwa sababu majani hufyonza madini haya kuliko nafaka na matunda, na mkulima asaidiwe kuotesha miche ya miti na maua, biashara ambayo Nairobi tayari inaijua kandokando ya barabara zake.

Uzito wa kila upande

Nikipima, wanaosema ni sumu wamepatia kuhusu tunda bichi na wamekosea kuhusu mboga. Wanaotetea jadi wamepatia kuhusu jani, ila wanaitegemea jadi mahali ambapo masharti yake hayapo tena. Wanaolia kuhusu majitaka ndio wenye hoja nzito kuliko wote, na ndio wanaosikilizwa kwa muda mfupi zaidi, kwa kuwa madhara wanayoyataja hayaonekani kwa picha moja ya kutisha.

Anayebeba mzigo huu wote kwa sasa ni mama mboga. Ndiye anayetenganisha jani na tunda, ndiye anayeweza kuona jani geni kwenye kitita, ndiye anayejua kama amenunua kwa lori la Kisii au kwa mtu wa mtoni. Halipwi kwa ujuzi huo wala hafundishwi zaidi ya aliorithi. Serikali ya kaunti ingeanzia kwake, kwa mafunzo ya siku moja kwa kila soko kuhusu mnanaha, matunda mabichi na asili ya mboga, ingekuwa imelinda nyumba nyingi kwa gharama ndogo.

Nawe mnunuzi, endelea kula managu. Ila kabla ya kulipa, muulize imetoka wapi, na akikujibu kwamba imetoka mbali na imelegea kidogo, ichukue hiyo.